Mtoto Kwanza: Mbinu za Kuandika Riwaya ya Taharuki na Mapenzi ya Kikristo

Jioni moja mtoto wa jirani yetu alipotea. Alikuwa na umri wa miaka minne. Mama yake alikuwa uani akikaanga mihogo. Akaingia ndani kuchukua chumvi, akatoka, akakuta geti liko wazi na kandambili moja ya bluu imebaki mchangani. Haikupita robo saa mtaa mzima ukawa umejua. Mjumbe alipita nyumba kwa nyumba. Vijana wa bodaboda waligawana njia, hawa bondeni, wale barabara kuu. Kipaza sauti cha msikiti kikatangaza jina la mtoto, rangi ya fulana yake na namba ya simu ya baba. Akina mama wa jumuiya, waliokuwa wamekusanyika kusali, waliiacha rozari katikati wakawasha tochi za simu. Saa mbili usiku akapatikana nyuma ya kibanda cha mkaa, amelala fofofo juu ya magunia matupu.

Kwa muda wote ule mama yule hakuiachia kandambili. Alizungumza na askari akiwa ameishika, akanywa maji akiwa ameishika, akapiga magoti akiwa ameishika. Hakuna aliyethubutu kumwambia aiweke chini.

Kazi yangu ni kusoma miswada ya waandishi chipukizi, na tangu jioni ile nimekuwa msomaji mgumu wa hadithi za watoto waliotekwa. Nyingi zina mpelelezi hodari, zina binti mrembo aliyeokoka, zina mchungaji mwenye hekima na gari linalofukuzwa usiku. Anayekosekana ni mtoto. Hayupo hata kabla hajatekwa: ni jina tu, ni picha iliyobandikwa ukutani, ni kisingizio cha kuwakutanisha wapenzi wawili.

Hadithi ya namna hii husukwa kwa kamba tatu: upelelezi, mapenzi na imani. Ushauri wangu ni mmoja, na yote yanayofuata ni matawi yake: kamba zote tatu zifunge kwa mtoto. Kila mlango unaogongwa, kila neno la upendo linalomezwa, kila sala inayosaliwa, sababu yake iwe kwamba kuna mtoto hajarudi nyumbani.

Wajue waliokutangulia

Nchini Marekani aina hii ina soko lake kamili. Kampuni ya Harlequin ina mfululizo maalumu uitwao Love Inspired Suspense, wa vitabu vya maneno yapatayo 55,000, na wasomaji wake wanajua wanachokifuata: hatari inaanza mapema, mapenzi yanabaki safi, matusi hayamo, imani ya wahusika inatikiswa, na mwisho una matumaini. Dee Henderson alipotoa riwaya ya *The Negotiator* mwaka 2000, alimweka mwanamke wa polisi anayejadiliana na watekaji, na mwanamume wa FBI anayempenda lakini ana imani ambayo mwanamke bado hana. Tazama ufundi wake: kinachowatenganisha wawili hao ni jambo zito la moyoni. Hakuhitaji kuwagombanisha kwa barua iliyopotea wala mchumba wa zamani aliyejitokeza ghafla.

Nasi tuna urithi wetu. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapishwa 1960. Kutoka kwake jifunze subira ya mtu mwenye kiko anayesikiliza zaidi ya anavyosema. Faraji Katalambulla alifuata na *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Elvis Musiba, kwa Willy Gamba wa *Kufa na Kupona* ya 1974, anafundisha mwendo wa kasi, na Ben Mtobwa, kwa Joram Kiango, anafundisha utundu wa akili. Chukua mwendo wao, ila ujue kwamba mzigo wako una kitu wasichokibeba wao. Katika visa vya Willy Gamba wanawake hupita. Wewe unatakiwa kujenga penzi moja litakaloweza kusimama mbele ya madhabahu.

1. Mpe mtoto maisha kabla hajatekwa

Chukua daftari. Andika mambo kumi kuhusu mtoto wako wa hadithi: anachoogopa, wimbo anaoukosea maneno, kiatu anachokivaa kinyume, chakula anachokificha chini ya sahani. Kisha chagua matatu ya kutumia. Katika hayo matatu, moja liwe ndilo litakalosaidia kumpata.

Nitakupa mfano wa kubuni ambao tutatembea nao hadi mwisho. Rehema ana miaka saba, anaishi Morogoro, na anahesabu kila kitu. Anahesabu ngazi za kanisa, mbegu za chungwa, makofi ya kwaya. Akiwa ndani ya daladala anahesabu matuta ya barabarani, mpaka kaka yake anamziba mdomo. Katika sura ya kwanza msomaji anatabasamu na kusahau. Katika sura ya sita mtekaji anapiga simu na kumruhusu mtoto aseme na mama yake, kidogo tu, ili ijulikane kwamba yu hai. Rehema anasema: "Mama, nimehesabu matuta kumi na moja." Simu inakatwa.

Mpelelezi anasikia maneno ya mtoto aliyechanganyikiwa. Mama anasikia ramani.

Kwa tendo hilo moja umepata mambo manne. Mtoto ana tabia yake. Mama, ambaye katika riwaya nyingi huachwa analia kitandani, amekuwa mtu wa maana katika upelelezi. Wapelelezi wana kazi ya kufanya kwa miguu na magurudumu. Na msomaji anajiona kama aliyekuwa na ufunguo mfukoni tangu mwanzo.

2. Chora saa, na uifuate

Taharuki huja pale msomaji anapojua muda unakwisha. Wingi wa risasi hauwezi kuileta. Mwaka 1997 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington, Marekani, ilitoa utafiti uliochunguza kesi za watoto waliotekwa na kuuawa. Ilionekana kwamba takriban robo tatu yao waliuawa ndani ya saa tatu za kwanza. Hesabu hiyo inahusu kesi mbaya kuliko zote, wala haimaanishi kwamba kila mtoto aliyetekwa yuko katika hatari hiyo. Lakini wapelelezi wako wanaijua. Ndiyo maana wanakimbia, na ndiyo maana mmoja wao hataki kutazama saa ya ukutani.

Katika daftari lako chora safu nne. Ya kwanza ni saa. Ya pili, mtekaji anafanya nini saa hiyo. Ya tatu, wapelelezi wanajua nini. Ya nne, msomaji anajua nini. Jaza kuanzia saa saba na nusu mchana, shule inapotoka, mpaka mtoto anapopatikana. Ukikuta pahali ambapo safu ya tatu na ya nne zinafanana kwa sura tatu mfululizo, hapo hadithi imelala. Mpe msomaji kitu ambacho wapelelezi hawakijui, au wape wapelelezi kitu ambacho bado hujamfunulia msomaji.

Kanuni ya bahati nayo iandike juu ya ukurasa: bahati mbaya huja bure, bahati njema hulipiwa. Gari likiharibika njiani wakati wa kufukuza, msomaji atakubali. Lakini ukitaka mpelelezi akutane na shahidi muhimu, kwanza agonge milango ishirini isiyo na jibu.

3. Upelelezi uwe wa mahali pake

Makosa ninayoyaona sana ni kuhamisha mitambo ya Marekani na kuipandikiza kwetu. Tangazo la AMBER, linaloingia kwenye simu na redio za watu mtoto anapotekwa, lilizaliwa Texas baada ya mtoto wa miaka tisa kutekwa na kuuawa mwaka 1996. Kama hadithi yako iko Dallas, litumie. Kama iko Morogoro, tangazo lako ni kipaza sauti cha msikiti, makundi ya WhatsApp ya kwaya na ya wazazi wa shule, na mwenye duka aliyeacha wateja wake akasimama barabarani.

Jifunze njia ya taarifa. Tanzania mzazi anafika kituoni, anaandikiwa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Kenya anaandikiwa OB. Vituo vingi vya Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto, na huko ndiko ningemweka mhusika wako wa kike, badala ya kumfanya jasusi asiye na ofisi. Juu yake yuko mkuu wa upelelezi wa wilaya, ambaye wenyewe humwita OC-CID. Kuna mwenyekiti wa mtaa, kuna afisa ustawi wa jamii. Hao wote huitana kwa vyeo na heshima zao. Askari mdogo hamwiti mkubwa wake kwa jina, ni "afande". Mama wa mtoto ni Mama Rehema, hata kwa mpelelezi anayemhoji kwa ukali.

Tumia vizuizi vya kweli. Laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo msomaji atauliza mara moja kwa nini mtekaji asikamatwe kwa namba yake. Jibu lako liwe na uso wa mtu: laini imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja wa kijijini aliyewahi kuwekeshwa kidole mara mbili na wakala, akaambiwa mashine imekataa. Wapelelezi wanafika kwake alfajiri wakitegemea kumkuta mhalifu, wanakuta bibi anayechambua mchicha. Wamepoteza saa tano. Saa tano hizo zinauma kuliko risasi.

Nenda ukazungumze na askari mstaafu. Usimuulize habari za ushujaa, kwa maana atakupa zile anazowapa wote. Muulize mafuta ya gari yalikuwa yanatoka wapi usiku. Muulize walikula nini, nani alibaki na watoto wake nyumbani, alimwambia nini mzazi ambaye mtoto wake hakupatikana. Kisha nyamaza.

Jambo moja zaidi, na hili ni la wajibu. Usimfundishe msomaji kwamba lazima asubiri saa 24 kabla ya kuripoti. Marekani walipitisha sheria mwaka 1990 kuzuia polisi wasimsubirishe mzazi wa mtoto aliyepotea. Kwetu ipo simu ya mtoto, namba 116, isiyo na malipo Tanzania na Kenya. Mhusika wako akiipiga katika ukurasa wa ishirini, huenda siku moja msomaji wako akaikumbuka.

4. Mtekaji awe binadamu

Mwandishi Mkristo hushawishika kusema "shetani alimwingia" na kuishia hapo. Maandiko yenyewe hayafanyi hivyo. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya tatu, mwanamke aliyechukua mtoto wa mwenzake usiku alikuwa amefiwa na wake usiku uleule. Dhambi yake ina jeraha ndani yake, na hekima ya Sulemani inafanya kazi kwa sababu mfalme anajua mapenzi ya mama yanavyokuwa. Katika Mwanzo 37, waliomuuza Yusufu kwa vipande ishirini vya fedha ni kaka zake wa damu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo jiulize: mtekaji wako alikosa nini, alidai nini, aliogopa nini? Ni deni? Ni baba aliyenyimwa mtoto baada ya ndoa kuvunjika? Ni mtu aliyeahidiwa utajiri na mganga? Mpe sababu ambayo msomaji ataielewa bila kuikubali. Na aonekane mapema, katika nguo za kawaida: mtu anayesalimia, anayechangia harambee, anayejua mtoto anatoka shule saa ngapi.

Usisahau umati. Mtoto akipotea uvumi huanza, na uvumi hutafuta mgeni. Sura yenye nguvu katika riwaya yako inaweza kuwa ile ambayo watu wamemzingira muuza vyombo asiye na hatia, mawe yako mikononi, na mpelelezi wako anasimama mbele yake. Hapo imani ya mhusika inaonekana kwa macho. Hahitaji kuhubiri, anahitaji kutosogea.

5. Mapenzi yakue ndani ya kazi

Sasa tufike kwa wapenzi. Katika mfano wetu ni Sajini Tumaini wa Dawati na Inspekta Gideoni aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine. Katika muswada dhaifu wanakutana hivi: Gideoni anamwona Tumaini, moyo unamdunda, macho yao yanagongana, anasahau alichotaka kusema. Mama Rehema yuko chumba cha pili analia. Nakuapia, msomaji atamchukia Gideoni.

Jaribu hivi:

*Walikuwa wametoka Msamvu mara mbili. Barabara ya Iringa ilikuwa imewashinda. Kule Mikumi, palipowekwa matuta ili kuokoa wanyama, hesabu ilikuwa imepita kumi na moja zamani. Sasa walikuwa barabara ya Dodoma, taa za gari zikilamba lami.*

*"Sita," alisema Tumaini.*

*Gideoni hakujibu. Alipunguza mwendo kabla ya tuta la saba, kwa sababu aliona kalamu ya Tumaini ikiruka kwenye karatasi.*

*"Saba." Akanyamaza. "Afande, kama alikuwa amelala njiani? Kama aliyahesabu aliyoamka nayo tu?"*

*"Mama yake amesema halali garini."*

*"Mama yake amesema." Alifuta uso kwa kiganja. "Nane."*

*Gideoni akatoa leso yake, akaiweka juu ya dashibodi, katikati yao, akaendelea kutazama mbele.*

Hakuna aliyesema anapenda. Lakini mwanamume amepunguza mwendo bila kuombwa, ameona machozi bila kuyatangaza, na leso imebaki katikati. Msomaji ameshaelewa. Upendo wa aina hii unatambulika kwa jinsi mtu anavyoubeba mzigo wa mwenzake huku macho yake yakiwa kwa mtoto.

Weka kizuizi cha kweli kati yao. Labda Gideoni ni Mwadventista na simu ya msako inaingia Ijumaa jua likizama, Sabato yake inapoanza. Anakwenda, lakini mama yake mzazi hatalielewa hilo, na Tumaini, Mlutheri, anaona kwa mara ya kwanza gharama ya imani ya mwenzake. Labda Tumaini aliwahi kupoteza mtoto katika kesi ya zamani na ameapa kutopenda tena. Wasomaji wetu wanajua kwamba ndoa ni ya watu wengi: kuna posa, kuna mahari, kuna matangazo ya ndoa yanayosomwa kanisani. Zitumie hatua hizo. Mwanamume anayemwambia mwanamke "nitamtuma mshenga nyumbani kwenu" amesema jambo zito kuliko kurasa tatu za kusifia macho.

Na kama mmoja wa wapenzi ni mzazi wa mtoto aliyetekwa, subirisha. Mpelelezi anayemtongoza mama aliye katika msiba wa namna hiyo amevunja uaminifu wa kazi yake, hata akiwa na nia njema. Penzi hilo likue baada ya kesi kwisha, na msomaji atakushukuru kwa heshima uliyompa mama yule.

6. Imani ipite pale pale palipo na maumivu

Hadithi ambayo humsaidia sana mwandishi wa aina hii iko Luka sura ya pili. Yusufu na Mariamu wanatoka Yerusalemu baada ya Pasaka. Mwana wao wa miaka kumi na miwili hayupo, nao wanadhani yuko msafarani. Wanatembea mwendo wa siku nzima kabla hawajagundua. Wanaanza kumtafuta kwa jamaa na marafiki. Hawampati. Wanarudi njia ileile mpaka mjini, na baada ya siku tatu wanamkuta hekaluni. Mama yake, aliyebarikiwa kuliko wanawake wote, anamuuliza kwa uchungu kwa nini amewatenda vile.

Isome kama fundi. Wazazi wanyofu wamefanya kosa la kudhani. Msako una utaratibu: kwanza walio karibu, kisha kurudia njia. Mama mtakatifu ana hasira, na Injili haimfichi. Ukiwa na ruhusa hiyo, kwa nini Mama Rehema wako awe mpole tangu mwanzo mpaka mwisho?

Mwache ashindwe kusali. Anaanza Sala ya Bwana, sala aliyoijua kabla hajajua kusoma, na anapofika kwenye ombi la mkate wa kila siku anakwama, kwa sababu hajui kama mwanawe amekula. Anaanza upya. Anakwama palepale. Hapo umeandika ukurasa wa imani wenye kweli kuliko mahubiri mazima.

Kisha watofautishe wanaokuja kufariji. Mmoja anaingia na kusema kila kitu ni mapenzi ya Mungu, anakaa kitini, anasubiri chai. Mwingine ni mzee wa kanisa anayekuja na chupa ya uji na orodha ya waumini wenye magari. Huna haja ya kumwambia msomaji yupi amemjua Mungu.

Kanuni yangu kuhusu sala katika riwaya ya upelelezi ni hii: sala isifanye kazi ya mpelelezi. Sajini Tumaini akisali, na papo hapo akaona katika ndoto nyumba yenye bati jekundu, umemnyima msomaji kesi, na umemwambia mzazi aliyesali bila kumpata mtoto wake kwamba sala yake ilikuwa na kasoro. Sala impe Tumaini nguvu ya kurudia barabara mara ya tatu. Impe Gideoni unyenyekevu wa kumsikiliza mama aliyemdharau. Mungu katika hadithi yako aonekane kwa watu waliokataa kukata tamaa.

Na kuhusu msamaha, uwe mwangalifu mno. Katika jamii zetu kuna sauti inayokuja haraka baada ya mtoto kudhuriwa: tumalizane kifamilia, tusimwaibishe ndugu, sisi ni Wakristo. Riwaya yako isiibariki sauti hiyo. Mama Rehema anaweza kumsamehe mtekaji moyoni, hata akamtembelea gerezani, na bado akasimama mahakamani kutoa ushahidi wake wote. Msamaha haufuti jalada la kesi.

7. Itumie lugha yako

Kiswahili kimekupa zana ambazo mwandishi wa Chicago anazitamani. Kwanza, kitenzi chetu hakitaji jinsia. "Alifunga mlango, akasikiliza hatua za nje, akazima taa." Ni mwanamume au mwanamke? Unaweza kumfuata mtekaji kwa sura nne, ukiwa ndani ya kichwa chake, bila kudanganya na bila kufunua. Siku msomaji atakapogundua kwamba huyo ni, tuseme, mama mpole wa duka la vitambaa, atarudi nyuma kutafuta ulipomhadaa, na hatapaona.

Pili, una -ka-. Akasimama. Akasikiliza. Akavua viatu. Mfululizo huo unakimbia wenyewe. Utumie kwenye msako, kisha upumzishe, maana ukiwa kila ukurasa unageuka kuwa ngoma ya mdundo mmoja. Kwa sura za mtoto, tumia maneno aliyo nayo mtoto. Rehema hajui "bohari". Anajua "nyumba isiyo na madirisha inayonuka alizeti". Madhara anayotendewa yabaki nje ya ukurasa. Mlango uliofungwa na sauti ya redio iliyoongezwa vinatosha. Aliyekuwa mtoto ataelewa, na aliye mzazi atalazimika kufunga kitabu kwa dakika moja.

Na jambo moja nje ya lugha: usichukue kisa cha familia halisi. Waliopitia msiba wa mtoto wanasoma vitabu pia. Badilisha mji, sababu, umri, mwisho. Kama bado jirani anaweza kuwatambua, badilisha tena.

8. Mtoto akipatikana, usikimbilie harusi

Waandishi wengi humtoa mtoto mikononi mwa mtekaji ukurasa wa 290 na kuwavisha wapenzi pete ukurasa wa 292. Mtoto amesahauliwa tena. Mpe kurasa zake. Rehema amerudi lakini hali chakula mezani. Anachukua sahani na kwenda kukaa chini ya kitanda. Anauliza kama mlango umefungwa, mara tano. Na kuna jambo ambalo mama analiona siku ya pili, akapoteza nguvu za magoti: mtoto hahesabu tena. Wanapita juu ya tuta, daladala linaruka, na Rehema anatazama dirishani kimya.

Tumaini anaendelea kumtembelea, ingawa kesi imetoka mezani kwake. Gideoni anakuja naye, anakaa nje uani kwa sababu ameelewa kwamba sauti ya kiume bado inamtisha mtoto. Leso haijatajwa. Posa haijatajwa. Mwanamume anayesubiri uani kwa majuma sita ameshasema yote.

Halafu Jumapili moja wanapanda ngazi za kanisa, mama mbele, mtoto katikati, hao wawili nyuma. Kwenye ngazi ya nne inasikika sauti ndogo, ya kunong'ona, kama ya mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Nne," anasema Rehema. "Tano."

Ukifika hapo, weka kalamu chini. Harusi msomaji ataiandaa mwenyewe.